Korona ukiwa na baridi yabisi au lupasi: dawa ipi uendelee nayo, ipi uisimamishe, na lini

Wenye baridi yabisi, lupasi (ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe) na magonjwa mengine sugu ya uvimbe wa viungo wanapopata korona hukwama mahali pamoja: kwenye dawa. Wengine wakiona mistari miwili kwenye kipimo huacha dawa zote siku hiyo hiyo, predinisoloni (steroidi ya kutuliza uvimbe) ikiwemo, na kuiacha hiyo ghafla huweza kumwangusha mtu haraka kuliko virusi vyenyewe. Wengine huendelea kumeza zote kama kawaida mpaka kifua kinapobana. Wapo pia wanaongoja homa ipande ndipo wapime, ilhali dawa wanazotumia ndizo zinazoificha homa hiyo.

Hatua zilizo hapa chini hazichukui nafasi ya daktari wako. Zimepangwa ili umfikie mapema, ukiwa na majibu ya maswali atakayokuuliza.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaugua

- Karatasi moja yenye dawa zako zote, iliyoandikwa kama inavyoelezwa katika hatua ya 1.
- Vipimo vya haraka vya korona, angalau viwili, ambavyo muda wake haujaisha.
- Oksimita, kile kifaa kidogo kinachobana kidole na kupima oksijeni ya damu.
- Kipimajoto na parasetamoli.
- Kama unameza predinisoloni kila siku, akiba ya kutosha wiki 2 zaidi.
- Namba ya simu ya kliniki yako, na ya hospitali unayoweza kuifikia usiku.
- Mtu mmoja anayejua karatasi yako iko wapi.

Usilichukulie jambo la mwisho kwa wepesi. Mgonjwa aliyezidiwa hawezi kueleza dawa zake, na daktari wa zamu huenda hajawahi kukuona.

## Hatua ya 1: Gawa dawa zako katika mafungu matatu

Chora safu tatu kwenye karatasi. Ya kwanza iandike "Nisiache ghafla", ya pili "Niendelee nayo", ya tatu "Nisimamishe kwa muda nikiambukizwa". Nenda nayo kliniki ukiwa mzima, umwombe daktari akusaidie kuijaza. Kuamua ukiwa umekaa kitini na akili imetulia ni tofauti sana na kuamua saa nane usiku ukiwa unatetemeka.

Kwa kila dawa andika jina lililo kwenye boksi, kipimo unachomeza na siku unayoimeza. Methotreksati, dawa ya kupunguza kinga inayotuliza viungo, huliwa mara moja tu kwa wiki, kwa hiyo taja siku yenyewe. Kuimeza kila siku kwa makosa kumeua watu.

Dawa za dripu na sindano ndizo zinazosahaulika zaidi, kwa kuwa hazikai kabatini. Andika tarehe ya mwisho uliyopewa. Rituksimabu, dawa ya dripu ya kupunguza kinga, inaendelea kufanya kazi mwilini kwa miezi kadhaa baada ya dripu, na daktari asiyejua kwamba uliipata atakupima vibaya.

Onyo: karatasi hii ni ya siku ya kuambukizwa. Usiitumie kuacha dawa ukiwa mzima kwa kuogopa korona. Rejista ya kimataifa iliyokusanya taarifa za wagonjwa 3,729 wa magonjwa haya, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2021, ilionyesha kwamba vifo vilikuwa vingi zaidi kwa waliokuwa na ugonjwa mkali usiodhibitiwa, kwa waliotumia zaidi ya miligramu 10 za predinisoloni kwa siku, na kwa waliotumia rituksimabu. Viungo vilivyotulia ni sehemu ya kinga yako. Anayeacha dawa yake ya kawaida na kuishia kuhitaji predinisoloni nyingi anajiongezea hatari aliyokuwa anaikimbia.

Utajua umefanikiwa pale mtu wa nyumbani atakapoweza kuisoma karatasi na kukuambia, bila kukuuliza, ni dawa gani hupaswi kuikosa hata siku moja.

## Hatua ya 2: Jua kiwango chako cha kawaida cha oksijeni

Pima ukiwa mzima, siku kadhaa, uandike. Watu wengi huwa kati ya 95 na 100. Lakini baridi yabisi na skleroderma (ugonjwa wa ngozi kukakamaa) huweza kuacha makovu kwenye mapafu, na mwenye makovu hayo huenda 93 ikawa ndiyo hali yake ya kila siku. Usipoijua namba yako, hutajua imeshuka kwa kiasi gani.

Kaa dakika 5 kwanza. Ondoa rangi ya kucha au hina. Pasha mikono joto, kwa sababu kidole baridi hutoa namba ya uongo, na wenye lupasi au skleroderma mara nyingi vidole vyao hupoa na kubadilika rangi. Kama kidole kimepinda na kifaa hakikai sawa, hamia kidole kingine. Subiri karibu dakika moja mpaka namba itulie ndipo uiandike.

Kuna jambo ambalo maelezo ya kwenye boksi mara nyingi hayalisemi: kwa mwenye ngozi nyeusi, oksimita huweza kuonyesha oksijeni nyingi kuliko iliyopo kwenye damu. Ukisikia pumzi inakukata huku kifaa kinasema 96, amini kifua chako.

## Hatua ya 3: Pima mara dalili ya kwanza inapoonekana

Usingoje homa. Predinisoloni huishusha, na tosilizumabu, dawa nyingine ya viungo ya sindano au dripu, huizima pamoja na kushusha kile kipimo cha damu cha uvimbe kiitwacho CRP. Mtu anaweza kuwa na nimonia huku kipimajoto kikisoma 36.8.

Angalia koo linalowasha, mafua, kikohozi, kuharisha, kuishiwa nguvu kusiko kwa kawaida, au maumivu ya misuli. Haya mawili ya mwisho huwapotosha wengi, maana yanafanana na ugonjwa wa viungo unapochachamaa. Njia moja ya kuyatofautisha ni hii: ugonjwa ukichachamaa, viungo huvimba, hupata joto na hukakamaa asubuhi kwa muda mrefu. Maumivu ya korona hutanda mwili mzima bila kiungo fulani kuvimba. Ukibaki na shaka, pima.

Kipimo cha haraka kikiwa hasi na dalili zipo, rudia baada ya saa 48. Siku za mwanzo virusi huweza kuwa vichache kiasi cha kukikwepa kipimo, ndiyo maana unahitaji viwili. Kwa aliyewahi kupata rituksimabu, omba pia kipimo cha maabara kiitwacho PCR endapo vya haraka vinaendelea kuwa hasi.

Andika tarehe dalili ya kwanza ilipoanza. Kuanzia hapo kila kitu kinahesabiwa kwa tarehe hiyo.

## Hatua ya 4: Piga simu siku hiyo hiyo

Dawa za virusi za kumeza zinapaswa kuanza ndani ya siku 5 tangu dalili ya kwanza. Remdesiviri, ambayo ni ya dripu, ina nafasi ya siku 7. Wengi hupoteza siku 3 wakisema "acha nione kama itapita", na wanapofika kituoni dirisha limeshafungwa. Kwa mtu mwenye kinga iliyopunguzwa na dawa, kuonekana mapema hakuhitaji kuombewa radhi, hata kama dalili ni za mafua tu.

Ukipokelewa simu, sema kwa mpangilio huu:

"Nina baridi yabisi [au lupasi]. Natumia dawa zinazopunguza kinga ya mwili, nazo ni hizi. Kipimo cha korona ni chanya. Dalili zilianza tarehe fulani. Oksijeni yangu ni hii, kawaida huwa hii. Je, nafaa kupata dawa ya virusi, na nisimamishe dawa zipi?"

Taja pia kama una mimba, ugonjwa wa figo au ini, na kama umewahi kupata damu iliyoganda kwenye mishipa.

Umefanikiwa ikiwa simu imekatika ukiwa na majibu ya maswali yote mawili, dawa ya virusi na dawa za viungo. Ukiwa na jibu moja tu, piga tena.

## Hatua ya 5: Panga dawa zako

Hapa ndipo penye uzito wote, kwa hiyo soma polepole.

### Predinisoloni: usiache ghafla

Juu ya figo kuna tezi za adrenali zinazotengeneza homoni ya kuusaidia mwili kustahimili ugonjwa na misukosuko. Ukimeza predinisoloni miligramu 5 au zaidi kila siku kwa wiki 4 au zaidi, tezi hizo huweza kulala. Ukiiacha ghafla, na mwili uko vitani na virusi, hakuna homoni ya kutosha. Shinikizo la damu linaanguka, na mtu anaweza kufa.

Kwa hiyo endelea kuimeza. Mara nyingi daktari atataka uongeze kipimo kwa siku chache, ukigawe asubuhi na jioni. Muulize hilo waziwazi, na liandikwe kwenye karatasi yako mapema. Baada ya hapo unarudi kwenye kipimo chako cha zamani kama alivyokuelekeza.

Ukitapika ndani ya nusu saa baada ya kuimeza, meza tena. Ukitapika tena, nenda hospitali ukapewe ya sindano. Usisubiri asubuhi. Dalili za homoni kupungua ni udhaifu mzito, kutapika, kizunguzungu ukisimama, na kuchanganyikiwa.

Onyo la upande wa pili: asiyetumia dawa za aina hii asijianzishie deksamethasoni, ambayo ni ya kundi moja na predinisoloni, kwa kuwa alisikia inatibu korona. Utafiti wa RECOVERY wa Uingereza, mwaka 2020, ulionyesha kwamba inaokoa maisha ya wagonjwa wanaohitaji oksijeni. Kwa wasiohitaji oksijeni haikuleta faida.

### Haidroksiklorokwini: endelea nayo

Iendelee kwa ajili ya lupasi au viungo vyako. Haitibu korona na haizuii maambukizi. Hilo lilipimwa likathibitika. Lakini mwenye lupasi akiiacha, ugonjwa huweza kuamka wakati mbaya kabisa. Wenye mimba pia huendelea nayo.

Angalizo: ukiandikiwa antibiotiki ya azithromisini, mkumbushe daktari kwamba uko kwenye haidroksiklorokwini. Zikikutana, zote mbili huweza kuvuruga mapigo ya moyo.

### Methotreksati, azathioprini, leflunomaidi, mikofenoleti: kwa kawaida husimamishwa kwa muda

Sababu ni mbili. Ya kwanza inajulikana: zinapunguza nguvu ya kinga wakati unaihitaji. Ya pili husahauliwa. Ukiwa na homa, huli wala hunywi vya kutosha, figo hupungukiwa maji, na methotreksati inayotolewa na figo hizo hubaki mwilini na kuwa sumu kwa uboho na ini.

Kukosa dozi moja au mbili za wiki hakutaharibu viungo vyako. Leflunomaidi yenyewe hukaa mwilini muda mrefu sana, kwa hiyo siku chache bila kidonge hutazihisi.

Kuna antibiotiki moja ya kuikwepa: kotrimoksazoli. Ikichanganyika na methotreksati huweza kuangusha seli za damu kwa kiwango cha kuua, hata kama ulimeza methotreksati yako siku chache zilizopita. Ukiandikiwa antibiotiki ya kifua, sema neno "methotreksati" kabla hujatoka chumba cha daktari, na ulirudie dirishani kwa mfamasia.

Salfasalazini, dawa nyingine ya viungo, madaktari hawaifanyii jambo moja. Wapo wanaoiacha iendelee, wapo wanaoisimamisha kwa kuwa madhara yake, kama kichefuchefu, huchanganya picha. Fuata wako alivyoamua.

### Sindano, dripu na vidonge vya kundi la tofasitinibu

Hizi ni dawa za viungo zinazopunguza kinga, kama rituksimabu na tosilizumabu, na vidonge vya tofasitinibu. Nazo husimamishwa mpaka upone. Kama tarehe ya sindano inaangukia katikati ya ugonjwa, ahirisha na uijulishe kliniki. Tosilizumabu ina habari yake: hutumika pia kutibu korona kali hospitalini, kwa hiyo daktari huweza kuamua tofauti. Uamuzi huo si wa kuufanya peke yako.

### Dawa za maumivu

Parasetamoli ndiyo ya kushika kwanza. Ibuprofeni na diklofenaki si mwiko kwa mwenye dalili nyepesi anayekunywa maji vizuri, lakini ziache ukiwa unatapika, unaharisha, una ugonjwa wa figo au pumzi inakusumbua.

### Dawa za kuzuia damu kuganda

Baadhi ya wenye lupasi hutumia warfarini kwa sababu damu yao huganda kirahisi. Usiiache. Korona yenyewe huongeza kuganda kwa damu, na kulala kitandani siku nzima huongeza zaidi.

## Hatua ya 6: Kagua migongano kabla ya kumeza dawa ya virusi

Dawa inayotumika zaidi ni nirmatrelviri pamoja na ritonaviri, inayouzwa kwa jina la Paxlovid. Humezwa mara mbili kwa siku kwa siku 5, na mwenye figo dhaifu hupunguziwa kipimo au hupewa dawa nyingine. Ritonaviri huzuia ini lisivunje dawa nyingi nyingine, nazo hurundikana kwenye damu.

Mwoneshe mfamasia karatasi yako nzima. Zinazohitaji tahadhari kubwa kwa wagonjwa wa viungo ni hizi:

- kolchisini, inayotumiwa na wenye gauti (jongo): huweza kufikia kiwango cha sumu
- siklosporini na takrolimusi, dawa za kupunguza kinga
- tofasitinibu na upadasitinibu
- simvastatini, dawa ya kolesteroli
- warfarini na rivaroksabani, dawa za kuzuia damu kuganda
- dawa za mitishamba, ambazo wagonjwa wengi hawazitaji wasipoulizwa

Migongano ikizidi, daktari anaweza kuchagua remdesiviri ya dripu kwa siku 3, au molnupiraviri, ambayo haina migongano mingi lakini haifai kwa mjamzito.

Ukimaliza siku 5 dalili zikarudi baada ya siku chache, hilo hutokea. Pima tena na umjulishe daktari. Kwa aliyetumia rituksimabu chukulia jambo hili kwa uzito zaidi, maana virusi huweza kukaa kwake kwa wiki nyingi na huenda akahitaji matibabu marefu zaidi.

## Hatua ya 7: Jifuatilie mara tatu kwa siku

Asubuhi, mchana na usiku andika oksijeni, joto na mapigo ya moyo. Kunywa maji mpaka mkojo uwe mwepesi wa rangi. Mkojo mweusi au mchache ni dalili kwamba figo zinalia. Inuka utembee ndani ya chumba mara kwa mara.

Kama oksijeni ya kupumzika iko sawa na hupumui kwa shida, tembea hatua 40 mtu akiwa karibu, kisha upime tena. Ikishuka kwa pointi 3 au zaidi, piga simu hata kama unajisikia vizuri.

Namba za kushika ni hizi: 95 kwenda juu, endelea nyumbani. 93 au 94, piga simu siku hiyo. 92 kushuka chini, nenda hospitali sasa. Kama kawaida yako iko chini ya 95, tumia mipaka uliyokubaliana na daktari.

Nenda hospitali bila kujali namba ukiona lolote kati ya haya:

- pumzi inakukata ukiwa umekaa, au huwezi kumaliza sentensi
- kifua kinauma au kubana
- kuchanganyikiwa, au usingizi usioamshika kirahisi
- mguu mmoja umevimba na kuuma kwenye shavu la mguu
- unatapika na huwezi kubakiza predinisoloni tumboni

Siku ya 7 hadi ya 10 ndiyo ya kuangaliwa zaidi. Wengi huzidiwa wakati huo, baada ya kujiona wamepata nafuu.

Kuhusu kujitenga: vaa barakoa, fungua madirisha, lala peke yako. Mwenye kinga dhaifu huweza kusambaza virusi kwa muda mrefu kuliko wengine, kwa hiyo usijihesabu mzima kwa kuangalia kalenda peke yake. Pima mpaka kipimo kiwe hasi.

## Hatua ya 8: Rudi kwenye dawa zako

Kosa la mwisho ni kusahau kurudi. Mtu amepona korona, anaogopa methotreksati, na miezi miwili baadaye mikono haifungi.

Kama ugonjwa ulikuwa mwepesi na hukulazwa, dawa nyingi zilizosimamishwa huanzwa tena siku 7 hadi 14 baada ya dalili kuisha. Kama hukuwa na dalili yoyote, hesabu siku 10 hadi 17 tangu kipimo kilipokuwa chanya. Aliyelazwa au aliyekuwa na nimonia asihesabu mwenyewe: daktari hupima kwanza wingi wa seli za damu, ini na figo.

Rudi kwenye kipimo kile kile cha zamani. Usilipie dozi ulizokosa kwa kumeza mara mbili, hasa methotreksati. Sindano nazo huendelea kutoka pale zilipoishia.

Viungo vikichachamaa kabla ya siku hizo kufika, piga simu. Daktari anaweza kuharakisha. Uchovu na kukosa pumzi vinavyoendelea wiki nyingi bila viungo kuvimba havitatibiwa kwa kuongeza dawa za viungo, na vinahitaji kuchunguzwa kivyake.

## Hatua ya 9: Panga tarehe ya chanjo pamoja na dawa

Chanjo za korona zinazotumika hazina virusi hai vinavyoweza kukuambukiza korona, kwa hiyo zinafaa hata kwa anayetumia dawa za kupunguza kinga. Tatizo ni kwamba baadhi ya dawa huufanya mwili uitikie kidogo, na hapo tarehe ina maana kubwa.

Ukitumia methotreksati na viungo vimetulia, muulize daktari kama unaweza kuiruka kwa wiki 1 hadi 2 baada ya kila dozi ya chanjo. Ukitumia rituksimabu, chanjo hupangwa karibu wiki 4 kabla ya dripu inayofuata, kisha dripu yenyewe husogezwa wiki 2 hadi 4 baada ya chanjo. Predinisoloni na haidroksiklorokwini haziguswi.

Anayetumia rituksimabu huweza asitengeneze kingamwili za kutosha hata akichanja kwa wakati, ingawa seli nyingine za kinga bado hujifunza kuvitambua virusi. Kwake, walio nyumbani wachanje pia, na vipimo viwili vya haraka visikosekane kabatini.